Mkuu, usiipeleke hiyo Winchester kwa fundi

Mkuu, ahirisha hiyo safari ya Jumamosi. Umeandika kwamba marehemu baba mkwe wako huko Ohio amewaachia bunduki ya Winchester Model 12, umeazima kitabu cha bei za bunduki maktaba, umeona safu ya asilimia 98 ina bei ya kupendeza, na sasa unataka fundi aitoe kutu na kuipiga rangi upya ndipo uipeleke dukani. Umeuliza pia ununue toleo lipi la kitabu. Nimeusoma uzi wako mara mbili moyo ukanienda mbio, maana hiyo ya fundi ndiyo iliyotumaliza sisi.

Hivi vitabu, Blue Book of Gun Values na Standard Catalog of Firearms, mimi sivisemi vibaya. Waliovitunga wanaijua kazi yao. Kwa mtu kama mimi niliyekulia Morogoro, ambako bunduki nilizozijua ni ya mlinzi wa benki na gobore la wawindaji, vilinisaidia hata kujua nimeshika nini. Shida ni kwamba tunafungua katikati, tunatafuta jina, tunaangalia safu ya kwanza, tunaanza kupiga hesabu. Kurasa za mbele, zinazoeleza bunduki inapimwaje hadi iingie safu fulani, hatuzigusi. Pesa yote imelala humo.

Asilimia 98 ya kwenye Blue Book ni kiasi cha rangi ya kiwandani kilichobaki. Ile ile iliyotoka nayo kiwandani kwa Winchester, mjini New Haven. Bunduki ya miaka ya 1920 ikipigwa rangi mpya leo, hata ing'ae namna gani, haiingii safu hiyo. Kwa mkusanyaji wa bunduki za zamani, rangi yake ya asili imeshakuwa sifuri.

Baba mkwe wangu alikuwa Wisconsin, na yake ilikuwa Model 12 ya geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikipanda, mtutu unakuwa mwembamba), aliyokuwa akiwindia ndege. Weusi wake ulikuwa umefifia pale mkono wa kushoto unaposhika, kulikuwa na vidoa vya kutu karibu na mdomo wa mtutu, na kitako kilikuwa na mikwaruzo. Basi. Kwingine kote ilikuwa kama ilivyotoka kiwandani. Fundi mmoja wa mji wa jirani akaishika, akaigeuza, akafungua kitabu hicho hicho ulichonacho wewe, akaweka kidole kwenye safu ya juu kabisa: "Mama, niachie hii, nitaifikisha hapa." Mama mkwe akafurahi, nasi tukaona huyu ndiye mtaalamu. Tukalipa. Ikarudi nyeusi tii, unajiona humo kama kwenye kioo.

Mwenye duka aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha na hakuhitaji hata dakika. Akatuita tusogee. Maandishi ya Winchester kwenye mtutu yalikuwa yamelainika kingo, huwezi kuyasikia vizuri kwa kucha. Ile alama ndogo ya WP ndani ya duara la umbo la yai, muhuri wa Winchester kwamba bunduki imejaribiwa, ilikuwa inaelekea kufutika. Tundu la skrubu karibu na kifyatulio lilikuwa limebonyea kuzunguka pembe zake, kwa sababu gurudumu la kung'arishia halijui kusimama ukingoni, linakula chuma na kuendelea. Akatoa bei ya bunduki ya kwenda nayo porini, chini ya nusu ya tuliyokuwa tukiitarajia, na sikuwa na la kumbishia. Kutu ungeweza kuifuta taratibu. Chuma kilichosuguliwa hakirudi.

Yule fundi alijua, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mtu anayekula kwa kazi hiyo hawezi kutojua maana ya safu anayoiwekea kidole. Alimwangalia mjane usoni akamwahidi kitu ambacho hakuna fundi duniani anayeweza kukifanya, kwa sababu alitaka ujira wake. Kilichopanda hadi asilimia 98 siku ile ni bili yake tu.

Sasa shika hili moja, mengine yote hata ukiyasahau: safu ichaguliwe na mtu ambaye hanunui, hauzi wala hatengenezi. Kwa bunduki moja kitabu kinakupa bei nyingi, na aliyeshika kitabu anachagua anayoitaka. Fundi atakuonyesha ya juu ili umpe kazi. Mwenye duka atakuonyesha ya chini ili umuuzie kwa bei poa. Kitabu ni kile kile, ukurasa ule ule, na wewe unatikisa kichwa tu kwa sababu jicho la kutofautisha 60 na 90 huna. Mtafute mthamini anayelipwa ada yake na kuondoka, au watu wa Winchester Arms Collectors Association, ambao wanaweza kukaa nusu saa wakibishana juu ya skrubu moja. Hao ndio unaowataka. Na waione kabla haijaguswa na mtu yeyote.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya aina ya bunduki uliyonayo. Model 12 ilianza kutoka 1912, uzalishaji wake wa kawaida ukasimama 1964, na zilitengenezwa karibu milioni mbili. Zilizochakaa zimejaa kila kona ya Marekani, na nyingi ni za geji 12. Mkusanyaji anafungua pochi pale tu anapokutana na rangi ya asili, au mtutu mwembamba zaidi, hasa geji 28 ambayo ni adimu kweli. Ukiisugua, umeitoa kwa mikono yako kwenye kundi la wachache na kuitupa kwenye lile la mamia ya maelfu. Hakikisha haina risasi, kisha angalia namba chini ya bodi (kile kipande cha chuma cha katikati unapoingia mtutu) kwa mbele na namba ya upande wa mtutu zinapokutana. Zikilingana, ni jambo jema sana. Mwambie huyo mthamini.

Toleo lisikusumbue. Namna ya kupima haibadiliki kila mwaka. Kinachochacha ni bei. Chukua mfano wa bastola ya Colt Python: ilianza 1955, ikasimama 2005, bei za zile za zamani zikapaa, halafu 2020 Colt wakaanza tena kuitengeneza na kuitangaza kwa dola 1,499. Aliyekuwa na kitabu cha kabla ya hapo alikuwa anasoma historia. Ukishajua safu yako, ingia GunBroker, mnada wa bunduki wa mtandaoni, uangalie zilizokwisha kuuzwa, achana na bei wanazoomba, kisha linganisha na matokeo ya minada ya Rock Island. Na ukienda dukani usitarajie bei ya kitabu. Kwa kawaida ile ni bei ya rejareja, naye ana kodi ya pango ya kulipa. Hapo sitamlaumu.

Kwa sasa ifute kwa kitambaa laini chenye mafuta mepesi ya bunduki, uiache. Usitumie msasa, brashi ya waya wala dawa ya kutoa kutu. Usiifungie kwenye mfuko wa ngozi pia, unatunza unyevu.

Kisha weka picha hapa, za mchana karibu na dirisha, bila taa ya kamera: maandishi ya mtutuni, alama ya WP, tundu la skrubu na hizo namba mbili. Na huyo fundi mpigie leo, usisubiri Ijumaa.