Jibu: Zamani nani alihakiki ugunduzi wa mtu?

Mkuu, umeuliza huko Ulaya ya zamani mtu akidai kagundua kitu, nani alimhakiki. Kwa kifupi: barua, mashahidi, na wenzake kurudia jaribio wenyewe.

Mchukue Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi. Muuza vitambaa, Kilatini hajui, chuo kikuu hajakanyaga. Aliloweka pilipili manga kwenye maji akitaka kujua ukali wake unatoka wapi, akachungulia kwa lenzi ndogo aliyoitengeneza mwenyewe, akaona vidudu vinaogelea. Oktoba 1676 akawaandikia Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, barua ndefu kwa Kiholanzi. Katibu wao, Henry Oldenburg, akaitafsiri na kuchapa sehemu yake kwenye jarida alilolianzisha 1665.

Wakubwa wakasita, na siwalaumu, maana jamaa aligoma kutoa siri ya lenzi zake bora. Badala yake akatuma maandishi ya mashahidi wanane, wakiwemo wachungaji, kwamba nao wameviona kwa macho yao. Enzi hizo hadhi ya shahidi ilikuwa na uzito kweli! Ila aliyemaliza ubishi ni Robert Hooke, mwanasayansi wa chama hicho: Novemba 1677 aliloweka pilipili yake mwenyewe, akawaonyesha wanachama vidudu vilevile. Mwaka 1680 muuza vitambaa wetu akachaguliwa kuwa mwanachama.

Huu utaratibu wa kupeleka makala kwa wahakiki kabla ya kuchapwa ulizoeleka baadaye sana. Oldenburg mara nyingi aliamua mwenyewe nini kiingie jaridani.