Kigoma hadi Dar kwa ndege: mama aondoke siku moja kabla

Ndugu yangu, pole kwa kuuguliwa. Umeuliza kama mama, na mgongo wake huo, anaweza kupanda ndege Kigoma asubuhi akawahi kliniki Muhimbili mchana. Kwa anga ni kama kilomita 1,080, na ndege ya moja kwa moja hutumia muda wa saa mbili hivi. Shida ni kwamba safari nyingine hupitia Tabora, hapo muda unaongezeka. Muulize wakala kabla hujalipa. Halafu kuna foleni za barabarani kutoka uwanjani hadi Upanga, iliko Muhimbili! Mimi ningemsafirisha jana yake. Treni ni kilomita 1,250 hivi za kukaa. Kama nauli ya ndege ipo, usimpandishe treni. Kiti cha magurudumu kiombe wakati wa kukata tiketi.