Kuchukua Linux ya watu na kuisambaza: leseni inaishia wapi?

Mleta uzi anauliza: kama msimbo uko chini ya GPL (leseni ya programu huria), kwa nini asichukue Fedora, mojawapo ya mifumo ya Linux, abadilishe mandhari na programu chache, kisha aisambaze kwa jina lilelile?

Mkuu, hapo kuna mambo mawili. GPL inahusu hakimiliki: unaruhusiwa kunakili, kubadilisha, hata kuuza. Jina na nembo ni alama za biashara, sheria nyingine kabisa. GPL toleo la 3, kifungu cha 7, inamruhusu mwenye programu kutamka kwamba hakupi haki ya kutumia jina lake.

Niliwahi kuwa kwenye timu iliyojenga mfumo juu ya Fedora, na kilichotutoa jasho hakikuwa msimbo, ni jina. Fedora wenyewe wamerahisisha: unatoa pakeji ya fedora-logos (yenye nembo zao) unaweka generic-logos, unatoa fedora-release (yenye jina la mfumo) unaweka generic-release. Ila jina hujificha kwingine: menyu ya kuwashia, kisakinishi, ukurasa wa kwanza wa kivinjari. Washa kompyuta mwanzo hadi mwisho ukisoma kila skrini. Ukitaka kutaja asili, ipo alama ya "Fedora Remix", yenye masharti yake.

Usidhani ni ukorofi wa Fedora. Debian, mfumo mwingine wa Linux, walibadilisha jina la kivinjari cha Firefox likawa Iceweasel mwaka 2006, maana Mozilla, wenye Firefox, hawakukubali jina libaki kwenye programu yenye viraka (marekebisho ya msimbo) ambavyo hawajaviidhinisha. Jina la Firefox likarudi Debian 2016. CentOS nayo, mfumo mwingine wa Linux, ilijengwa kwa msimbo wa kampuni ya Red Hat, nembo zikiwa zimeng'olewa. Hata jina Linux mtu mwingine alilisajili Marekani, na mgogoro ukaisha 1997 kwa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kukabidhiwa alama hiyo. Mimi naona ni haki: mfumo wako ukiharibu data za mtu, lawama zisiende kwa Fedora.

Hakimiliki nayo haijafutwa. Usiondoe majina ya waandishi kwenye mafaili. Ukishabadilisha programu ya GPL na kuisambaza, msimbo uliobadilishwa unautoa wewe. Kumwelekeza mtu kwa Fedora hakutoshi, kwa sababu wao hawana mabadiliko yako. Hili wengi wanalipuuza kuliko nembo.

Jina jipya nalo, kabla hujachora chochote, litafute kwenye rejista za alama za biashara za nchi unazolenga.