Barua kwa mwanangu: kuhusu kuuza doti moja moja

Kisumu, Jumatatu jioni

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti ulinikuta jana Kibuye, na unazijua kelele za pale Jumapili, kwa hiyo nimeusikiliza upya leo nikiwa nyumbani. Unasema duka lako la mtandaoni umelifungua kwa jumla tu, leso kwa korija, yaani doti 20 kwa pamoja (na doti ni vipande viwili vya leso), na si chini ya hapo, lakini siku hizi hazipiti saa mbili bila mtu kuuliza, "Dada, naweza kupata doti moja?" Unawarudisha, na roho inakuuma. Unaniuliza kama uwaongezee rejareja au ushikilie jumla yako. Nimeona niandike, maana kwa simu tutaanza na watoto na kuishia kwa mvua.

Fungua, mama. Ila usifungue kama nilivyofungua mimi.

Kuna habari sijawahi kukusimulia. Nilikuwa na mteja wangu wa Ahero, mama mmoja mtaratibu, anakuja kila baada ya wiki mbili na pesa amezifunga kwenye pindo la leso. Korija tatu, anahesabu, anaondoka. Hakuwahi kuniomba nimwandikie deni. Sasa Jumapili moja mauzo yamelala, mwanamke fulani akasimama mbele ya meza yangu akitaka doti moja, nami nikampa kwa bei ile ile ya jumla ili angalau nipate nauli ya kurudi. Kumbe naye anatoka Ahero. Siku yake ilipofika, yule mteja wangu akaja, akakaa kwenye kigoda, nikamtilia chai, akainywa yote. Kisha akasema, "Huko kwetu wananiita mwizi. Wanasema wewe unauza hivi, mimi nawakamua." Hakupandisha sauti. Alininunulia korija moja siku hiyo, nadhani kwa heshima tu, na sikumwona tena.

Hayo yalitokea mahali ambapo bei inasemwa kwa chini, au unaiandika kwenye kikokotoo unamgeuzia mtu aone mwenyewe. Kwako wewe bei imetundikwa, na mteja wa jumla wa Luanda anaisoma pamoja na mteja wake mwenyewe, kila mmoja kwenye simu yake. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, ificheni bei ya jumla. Mwambie kijana anayekutengenezea tovuti kwamba mgeni anayeingia aone bei ya rejareja peke yake, na bei ya jumla ionekane na mtu mwenye akaunti uliyomkubalia wewe, akishaingia kwa nywila yake. Najua linawezekana. Mpwa wako ana duka la vyombo kwenye WooCommerce, ule mfumo wa kutengenezea maduka ya mtandaoni, na amefanya hivyo kwa programu ya nyongeza. Duka liwe lile lile moja. Ukifungua la pili utakuwa na picha mara mbili na hesabu mbili za mzigo mmoja.

Na hiyo bei ya rejareja usiikate kichwani. Wapigie wateja wako watatu au wanne wa zamani, waulize wao wanauzaje kwa doti. Ukipata kwamba Yala ni shilingi 700 na Mumias ni 700, wewe usiweke 600 eti kwa sababu unaweza. Weka 700, nauli juu yake. Tena waambie wazi kwamba unafungua rejareja kabla hawajaiona wenyewe. Simu ya dakika tano, mwanangu. Mimi ningeipiga ile, ningekuwa na yule mama mpaka leo.

Unaweza kusema bei hiyo ni unyonyaji. Hebu tupige hesabu. Tuseme doti inakufikia kwa 450 na jumla unaiuza 520. Korija ya doti 20 inakupa 1,400, kwa gunia moja, risiti moja na safari moja ya boda hadi stendi. Doti moja kwa 520 inakupa 70. Mfuko wa kufungia umo humo, na boda wa kuipeleka kwenye ofisi ya vifurushi umo humo, na saa nzima ya "bado ipo?", "rangi ni hii hii?", "bei ya mwisho?" imo humo pia. Umefanya kazi bure, na umemharibia mtu wa Ahero. Rejareja ina kazi yake, na kazi hiyo ndiyo unayoitoza.

Kazi yenyewe nikuonyeshe. Mteja wa jumla anachukua leso kama zilivyotoka kwenye robota, vipande viwili vimeungana, havijakatwa wala kupindwa. Anachotazama ni rangi zinazokwenda na kama kitambaa hakichuji. Jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, mara nyingi hata halisomi. Wa doti moja anasoma jina kwanza! Mwaka juzi mtu aliniagiza kwa picha niliyomtumia ya leso ikiwa imekunjwa, nyekundu nzuri, mji wake, pale katikati, una korosho kubwa. Nikampelekea. Kumbe alitaka kumvalisha mama mkwe wake siku ya kumpokea, na jina, akiikunjua, ni la kuwasema watu wanaoingilia nyumba za wenzao. Ilirudi kesho yake, na nauli ya kwenda na kurudi nikalipa mimi, kwa nini nibishane? Sasa picha nazipiga mbili: moja leso imetandazwa yote, moja jina peke yake kwa karibu. Wewe ongeza na la tatu, uliandike jina kwa maneno chini ya picha, herufi kwa herufi, ili anayetafuta "Wema hauozi" alipate bila kuzungukazunguka. Kisha umtolee doti imekatwa na kupindwa. Fundi wa cherehani hapo Nakuru hutamkosa. Hapo ndipo 700 yako inapoeleweka, na hapo ndipo huwi mpinzani wa wateja wako wa jumla, kwa sababu wengi wao hawapindi.

Kuna jambo la stoo ambalo kijana wako wa tovuti hatalifikiria. Usihesabu korija. Hesabu doti kila mahali, na korija iwe tu doti 20 zinazotoka kwa pamoja. La sivyo utavunja korija ya mwisho asubuhi kumpa mtu doti moja, na jioni mtu wa Busia atalipia korija nzima ambayo kompyuta inadai ipo, wakati kwenye rafu ziko 19. Hilo hata kwenye meza ya mbao lilinitokea. Mimi ningekushauri utenge korija za kuvunjwa, ziwe kwenye rafu yao, na hizo tu ndizo zionekane kwenye rejareja. Anza na zile ambazo jumla wamezichoka. Una korija ngapi zimelala kwa sababu ya rangi? Mtu wa doti moja anaweza kuipenda hiyo hiyo rangi ya matope.

Na wale wa katikati usiwasahau. Chama cha akina mama kinataka doti 12 za sare moja kwa ajili ya harusi, au familia ina msiba na inataka 8. Hao si jumla wala si rejareja, na huku kwetu magharibi ni wengi kuliko unavyofikiri. Wape bei yao kuanzia doti 6, chini kidogo ya 700, bila kupinda. Nadhani utapata faida kwao kuliko kwa wale wa moja moja, lakini utaniambia baada ya miezi mitatu.

Malipo hayana taabu. Wa rejareja alipe kwa namba ya till kabla hujafunga mfuko. Wa jumla mwenye mzigo mkubwa aende benki, maana M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa mara moja. Kodi ndiyo ya kuangalia. Mauzo yakipita milioni 5 kwa mwaka unatakiwa kujiandikisha kwa VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, na rejareja itakusukuma huko mapema. Ukifika, bei ya mtu wa doti moja iandikwe ikiwa na ile asilimia 16 ndani yake tayari. Wenye maduka wamezoea kuongezewa mwishoni, lakini mtu wa kawaida akiona 700 halafu pale pa kulipia pakasema 812, anafunga simu na kwenda zake.

Kesho nakutumia kifurushi kwa basi la asubuhi. Ndani kuna doti nne nilizopindisha kwa fundi wangu, mbili kwa uzi wa rangi ya pindo na mbili kwa uzi mweupe. Zipige picha zote, uone zipi zinaulizwa kwanza. Ile ya korosho nyekundu nimeiweka pia, haijapata mtu mpaka leo. Jina lake liandike kubwa.

Mama yako