Unachunguza vimeng'enya vya klorofili kwa kompyuta? Anza na magnesiamu

Wanafunzi wengi wanaoniuliza kuhusu vimeng'enya vya bakteria vinavyovunja klorofili huwa tayari wameshafungua AutoDock Vina, programu ya kupachika molekuli ndogo ndani ya protini na kuipa kila mkao alama. Nawaomba waifunge kwanza, wajiulize magnesiamu inatokaje.

Klorofili a imebeba ayoni ya magnesiamu katikati ya pete yake, na inaburuta mkia wa fitoli wenye kaboni 20. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walionyesha kwamba protini ya mimea iitwayo SGR ndiyo inayoing'oa magnesiamu hiyo na kuacha feofitini, yaani klorofili isiyo na magnesiamu. Jeni yake ndiyo ile ambayo ikiharibika, njegere za Mendel, yule mtafiti wa urithi, hubaki kijani. Lakini kilichonivuta mimi ni bakteria: jamaa za SGR zipo hata kwa bakteria wasiotengeneza klorofili kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Hokkaido walieleza kwamba huenda mimea iliipata kazi hii kwa jeni iliyohama kutoka kwa bakteria wa aina hiyo. Basi huko kwa bakteria inafanya kazi gani? Kwangu hilo ndilo swali linalostahili muda wa kompyuta yako.

Kwanza panga mifuatano ya asidi amino ya mimea na ya bakteria pamoja, utazame zipi hazijabadilika. Aspateti na histidini zilizodumu kote ndizo za kuchunga. Kisha pachika klorofilidi, yaani klorofili isiyo na mkia. Ule mkia hujipinda kila upande, na programu itakupa mikao mingi yenye alama nzuri isiyo na maana yoyote ya kikemia. Mimi hutupa mkao wowote ambao magnesiamu iko mbali na asidi hizo, hata kama ndio unaoongoza kwa alama.

AlphaFold 2, programu ya kukisia umbo la protini, itakupa protini tupu, bila klorofili ndani yake. Hali ya protoni kwenye kila histidini, yaani ina protoni wapi na ngapi, iamue mwenyewe, usiiachie programu. Vigezo vya kawaida vya GROMACS, programu ya kuiga mwendo wa molekuli, navyo havitoshi kwa magnesiamu iliyoshikwa na nitrojeni nne, kwa hiyo tafuta vigezo vilivyotengenezwa mahsusi kwa klorofili.

Tena, uigaji wa kawaida hauvunji kifungo cha kikemia. Unaonyesha molekuli imekaaje, basi. Kung'oka kwenyewe kunahitaji hesabu za kwanta kwenye kitovu cha kimeng'enya, na hizo zinataka mashine kubwa. Kama huna, usilazimishe. Andika dhana yako vizuri, kisha mtafute mwenye maabara abadilishe aspateti moja kuwa alanini, asidi amino nyingine, na kupima kama klorofili bado inageuka feofitini. Rangi yenyewe hutoka kijani kibichi ikawa kijivu cha kahawia.

Na kabla hujamwandikia, rudia upachikaji uleule kwenye protini isiyohusiana kabisa na klorofili. Ikipata alama sawa na SGR yako, bado huna cha kumpelekea.