Fundi Anajibu: Mfuko wa Chini ya Kiti

*Papa Fundi, jambo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninakaa Ndosho na kufundisha Himbi. Nauli ya motari asubuhi na jioni ilikuwa inaumaliza mshahara, basi sasa ninaenda kazini kwa kinga, yaani baiskeli. Aliyenitumia ni kaka yangu wa Ubelgiji. Ina gia. Ameniandikia pia orodha ya vifaa kumi na tisa vya kubeba kila siku, na mkoba wangu tayari una madaftari ya watoto hamsini. Nibebe nini, niache nini?*
Mwalimu, Ndosho

Mama Mwalimu, kaka yako anakupenda, lakini orodha yake ni ya mtu anayevuka msitu. Kinga ikikukwamisha hapa Goma, shuku tairi kwanza. Tunaendesha juu ya lava. Ile iliyoshuka Januari 2002 ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, ndiyo tunayoiponda kokoto, ndiyo tunajengea kuta na kujaza mashimo ya barabara. Jiwe lake likivunjika linakata kama chupa.

Kwa hiyo beba mpira wa ndani wa akiba. Usome saizi ubavuni mwa tairi lako, tuseme 26 kwa 2.00, na uangalie valvu ifanane na ya mpira uliomo. Hapo ndipo nilipoaibika mimi. Nilitoka Majengo na kinga ya Ulaya niliyotaka kuijaribu, pampu mfukoni, nikatobokewa karibu na mzunguko wa Signers. Kutoa pampu, mdomo wake ni wa valvu nene, ile kama ya gari, na gurudumu lina valvu nyembamba yenye kichwa cha kufungua kwa vidole. Nikaisukuma mpaka nyumbani, wateja wangu wakiniangalia. Kwa hiyo cha pili ni pampu, na kabla ya kuiweka kwenye mfuko, ijaribu kwenye gurudumu lako. Dakika moja tu.

Cha tatu, vibanio viwili vya kutolea tairi. Vya plastiki ni vizuri. Mimi natumia mipini ya vijiko vizito vya chuma, nimeipiga msasa hadi ikalainika. Bisibisi hapana! Inatoa tairi vizuri, kisha inauma mpira mpya na unaanza upya.

Cha nne, spana. Kama magurudumu yako yamefungwa kwa nati, nyingi za nyuma ni namba 15. Kama yana kishikio cha kufungua kwa mkono, spana hiyo niachie mimi. Ongeza funguo za alen, vile vijiti vilivyopinda vyenye pembe sita, namba 4, 5 na 6. Kiti na usukani wa kinga kama yako huwa vinakazwa kwa hizo.

Sasa siku ikifika. Toa mpira uliotoboka, lakini usiwe na haraka ya kutia mwingine. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, mzunguko wote, polepole. Kikinasa, hapo pana kijiwe. Wengine hupitisha kidole, na mimi nina kovu la kazi hiyo. Usipokitoa, utatobokewa tena kabla hujafika Katindo, kisha utamlaani aliyekuuzia mpira. Angalia na tundu lenyewe. Likiwa moja, umechomwa na kitu. Yakiwa mawili sambamba kama meno ya nyoka, hukuchomwa: upepo ulikuwa mdogo, ukagonga jiwe, ukingo wa chuma ukaubana mpira. Dawa ya hilo ni kujaza upepo kila Jumatatu.

Tairi lenyewe likichanika, weka kwa ndani kipande cha tairi kuukuu. Nimeona watu wakikunja noti ya franka 500. Inafaa ikiwa bado ngumu, lakini hizi za sokoni zimechoka kuliko tairi.

Kifaa cha kukatia mnyororo, spoku za akiba, chupa ya mafuta: acha nyumbani. Mnyororo ukikatika, sukuma, hukosi fundi chini ya mwavuli. Kufuli usiache. Wala taa nyekundu ya nyuma, maana jioni barabara ya Sake ina giza na malori. Madaftari yafunge kwenye plastiki. Mvua ya hapa haibishi hodi. Na Jumamosi moja toa gurudumu la nyuma uani, ulirudishe mwenyewe. Lenye gia lina ubishi wake, heri mkabishane pasipo na mtu.

*Fundi, kwa nini viraka vyangu vinabanduka baada ya siku mbili?*
Muuza mikate, Birere

Kijana, unabandika gundi ikiwa bado maji. Sugua mpira kwa msasa hadi ung'aro uishe, usiuguse tena kwa vidole vya mafuta. Paka gundi nyembamba, pana kuliko kiraka, kisha kaa. Dakika tano, tena zaidi siku ya mvua, mpaka iache kung'aa. Ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Na kama hiyo gundi uliifungua mwaka jana, ibinye kwanza uone kama kuna kitu ndani.