Maswali ya wasomaji: Kwani wanyama hawawezi kuhama tu?

Mwezi huu maswali mengi yamekuja kuhusu makazi ya wanyama na mimea, yaliyofanana nimeyaunganisha. La pili nimelijibu kwa urefu kuliko mengine, mtanivumilia, ni jambo linaloniuma.

Mwalimu katuambia makazi ya asili ni msitu, mbuga, jangwa, ziwa na bahari. Je kiota cha ndege nacho ni makazi? Na mdudu anayeishi ndani ya gogo, makazi yake ni msitu au ni gogo? (Mwanafunzi)

Mdogo wangu, mwalimu wako hajakosea, ila hiyo orodha ni ya mtu anayetazama kwa mbali, kama vile yuko juu ya ndege. Makazi ya kiumbe ni pale anapopata vyote vinavyomweka hai, yaani cha kula, maji, pa kujificha, pa kuzalia, na joto au baridi anayoiweza. Kiota peke yake ni chumba cha kulelea watoto, ndege hali humo, kwa hiyo makazi yake ni kiota pamoja na miti na vichaka vyote anakotafutia wadudu na mbegu.

Sasa hilo gogo. Siku ukipata nafasi chuchumaa mbele ya gogo lililoanguka miaka kadhaa nyuma, bandua gome lake taratibu. Juu kabisa jua linapopiga ni pakavu, utakuta chungu wanapita zao na pengine mjusi anaota jua. Chini ya gome utaona nyuzi nyeupe nyembamba kama pamba iliyochambuliwa, hizo ni kuvu, ndo zinazoilainisha mbao. Ingia ndani zaidi utakutana na buu mnene mweupe kajikunja kama herufi C, huyo ni mtoto wa mbawakawa, kazi yake kula ile mbao iliyolainika, na wapo wanaokaa humo mwaka mzima na zaidi kabla ya kuota mabawa. Upande uliolalia udongo kuna giza na unyevu, huko ndo kwa jongoo, konokono na tandu. Gogo ni moja lakini kila mmoja ana sehemu yake na hawezi kubadilishana na mwenzake. Ukilibeba ukalitupa juani likakauka, yule buu vijiguu vyake vidogo havimfikishi popote, anafia humohumo.

Kwa hiyo jibu ni vyote viwili. Gogo ni nyumba, msitu ni mtaa, na nyumba hiyo haipatikani pasipo mtaa huo kwa sababu miti isipokuwepo magogo yatatoka wapi?

Nyie watu wa mazingira mnalalamika sana. Pakijengwa bwawa au barabara wanyama si wanahama tu waende pengine? Dunia ni kubwa. (Fundi ujenzi)

Kaka nashukuru umeuliza bila kuzungukazunguka, maana wanaowaza hivo ni wengi sana na hawasemi. Dunia ni kubwa kweli, ila kwa viumbe wengi sehemu wanayoiweza ni ndogo mno, na nyingi tayari ina wenyewe. Simba dume akihamia eneo jipya anakuta simba wengine na ni vita. Mti ndo kabisa, hauna pa kwenda. Ila mfano ambao mi huwa siusahau ni wa chura wa Kihansi.

Huyu ni chura mdogo wa rangi ya njano, mdogo kiasi kwamba anakaa juu ya ukucha wa kidole gumba, na tofauti na vyura wengi hatagi mayai, anazaa watoto wakiwa vyura kamili. Wanasayansi walimgundua 1996 kwenye korongo la Mto Kihansi, kusini mwa Tanzania, chini ya maporomoko. Maji yalikuwa yanaanguka kwa nguvu yanapiga miamba yanarudi juu kama manyunyu, usiku na mchana, mwaka mzima, na kwenye manyunyu hayo paliota majani laini na kuvumwani, vile vimea vidogo vinavyofunika miamba kama zulia, zilizolowa muda wote. Eneo lote hilo kwa ujumla lilikuwa kama hekta mbili hivi. Dunia nzima chura huyu hajawahi kupatikana kwingine.

Wakati huohuo bwawa la umeme lilikuwa linajengwa hapohapo juu, la megawati 180, na nchi ilikuwa na shida ya umeme ya kweli, hilo silipingi hata kidogo. Mwaka 2000 maji karibu yote yakaingizwa kwenye handaki kwenda kwenye mitambo. Angalia sasa, hakuna aliyekata mti, hakuna aliyepitisha tingatinga pale chini, ukisimama ungeona korongo liko palepale na bado kuna kijani. Kilichoondoka ni manyunyu tu, na vyura wakaanza kwisha.

Je wangehama? Wangeenda wapi, hatua chache tu pembeni ni pakavu kwa ngozi yao. Ikabidi watu wafanye kazi iliyokuwa inafanywa na maporomoko, wakafunga mabomba ya kunyunyizia maji, na kwa muda vyura wakaongezeka, hadi katikati ya 2003 wakafika karibu 20,000. Halafu ndani ya miezi michache wakaporomoka vibaya na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura ukagundulika mle, na Januari 2004 walionekana watatu tu. 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini hayupo tena.

Kilichomwokoa ni kwamba mwishoni mwa 2000 walichukuliwa vyura 499 wakapelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx jijini New York, baadaye na ile ya Toledo, hukohuko Marekani. Na huko napo walikufa wengi maana hakuna aliyejua kuwatunza, joto kiasi gani, mwanga gani, wale nini, ikafika kipindi wamebaki chini ya 70. Taratibu wakajifunza, vyura wakazaana, 2010 wengine wakarudishwa kwenye kituo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na tangu 2012 wanarudishwa korongoni wakisaidiwa na yale mabomba.

Ndo nakwambia kaka, hesabu miaka, hesabu safari za ndege, wataalamu, mabomba, vyote hivyo kwa ajili ya kurudisha kitu ambacho maji yakianguka yalikuwa yanafanya yenyewe. Sikwambii usijenge. Naomba tu wanaochora ramani wafike kwanza wakae pale misimu yote, waangalie ni nani anaishi hapo na anategemea kitu gani hasa, kabla zege halijamwagwa.

Kuna kiumbe anaishi mahali ambapo jua halijawahi kufika kabisa?

Wapo, na walishtua watu. Mwaka 1977 watafiti walishuka kwa chombo cha kuzamia karibu na visiwa vya Galápagos, kina cha kama mita 2,500, wakakuta nyufa zinazotoa maji ya moto kwenye sakafu ya bahari na pembeni yake kumejaa viumbe, wakiwemo minyoo mirefu inayokaa kwenye mirija myeupe, isiyo na mdomo wala utumbo. Ndani ya miili yao kuna bakteria wanaotengeneza chakula kwa kutumia kemikali zinazotoka kwenye zile nyufa. Huku juu mimea inatumia mwanga, kule chini kazi hiyo wanafanya bakteria. Na nyufa zenyewe hazidumu, moja ikipoa wale wote wa pale wanakufa.

Mikoko inaishije kwenye maji ya chumvi wakati mimi nikimwagia mche maji ya chumvi unakufa?

Inategemea ni aina gani, maana haitumii njia moja. Mkoko wenyewe, huu wenye mizizi iliyosimama kama miguu ya buibui, unaizuia chumvi nyingi kwenye mizizi isiingie. Mchu, ambao nao ni aina ya mikoko, unaiingiza halafu unaitoa jasho kupitia majani, siku ya jua kali geuza jani uangalie utaona punje ndogondogo zinametameta, gusa kwa ulimi, ni chumvi kabisa. Tatizo la pili ni hewa, tope lile halina oksijeni, kwa hiyo mchu unachomoza mizizi midogo juu ya tope kama penseli zilizosimamishwa, inavuta hewa maji yakipwa.

Na mbegu ya mkoko inaota ikiwa bado iko juu ya mti! Inaning'inia ndefu ya kijani, ikidondoka inaweza kujichomeka topeni au kuelea hadi ipate pa kushika. Humo kwenye mizizi ndo wanakojificha samaki wachanga na kamba, maana samaki mkubwa mwenye njaa hapenyi. Mtu anayekata mikoko anaona kuni, mvuvi anayekaa jirani anaona samaki wa mwaka kesho wanaondoka.

Jangwani kuna nini cha kulinda, si mchanga tu?

Hapana jamani. Kwenye jangwa la Namib kuna mbawakawa anayepanda juu ya tuta asubuhi ya ukungu, anasimama kichwa chini matako juu, ukungu unageuka matone mgongoni mwake unateremka hadi mdomoni, ndo kunywa kwenyewe. Kuna na mmea unaitwa welwichia, wa Namibia na Angola, una majani mawili tu maisha yake yote, upepo unayachana yanaonekana kama marundo ya matambara, na baadhi yake inakadiriwa imepita miaka 1,000. Tairi la gari likipita juu yake mara moja linatosha kuumiza kitu cha karne kumi. Halafu jangwa si lazima liwe na joto, Antaktika nayo ni jangwa, tena kubwa kuliko yote.

Kwetu msitu umekatwa lakini wamebakisha kipande katikati. Si kinatosha kwa wanyama?

Bora kimebaki, usikubali kiguswe. Ila kutosha ni habari nyingine. Tangu 1979, karibu na mji wa Manaus kule msitu wa Amazon, Brazil, kuna utafiti ulioanzishwa na mwanabiolojia Thomas Lovejoy, walitenga vipande vya msitu vya hekta 1, 10 na 100 wakawa wanafuatilia nini kinatokea. Pembezoni jua na upepo vinaingia, panakauka, miti mikubwa inakufa na kuanguka. Wapo pia ndege wanaoishi kwa kufuata misafara ya siafu, siafu wakipita wadudu wanaruka kukimbia, ndege anawadaka. Kundi la siafu linataka eneo kubwa la kuzungukia, kwenye vipande vidogo siafu hawakutosha na ndege wale wakatoweka mapema sana. Na baadhi ya ndege wa msituni hawavuki uwazi hata usiofika mita 100, wanauona kama bahari. Kwa hiyo kama mna sauti pale, dai ushoroba wa miti uunganishe hicho kipande na msitu mwingine, hata uwe mwembamba, hata uwe wa kufuata mto.

Nina watoto wawili wadogo, nataka waone makazi ya viumbe lakini hatuna uwezo wa kwenda mbugani. (Mama)

Dada, mbuga mnayo chini ya jiwe lolote lililokaa sehemu moja muda mrefu. Tumia kijiti, si mkono, na ulifunue kuelekea kwako ili lililoko chini lisikimbilie miguuni kwenu, kama ni nge au tandu awe na njia ya kwenda upande wa pili. Waambie wahesabu kimya kimya, wangapi wanakimbia mwanga, wangapi wanabaki, nani ana mayai. Chungu utawaona wanabeba watoto wao weupe kuwashusha chini haraka haraka, watoto hulipenda sana hilo. Dakika moja inatosha, jua linawakausha. Halafu ulirudishe jiwe polepole kwa upande uleule na kwenye shimo lake lilelile, na kama kuna aliyebaki pembeni mwache kwanza aingie mwenyewe ndo uliachie.